Gari la Desemba na Gari la Kila Wiki

Kukhu Rasoa aliinua kikombe chake, akakigeuza, akachungulia ndani.

"Nasike, hiki ni kikombe au ni kifuniko cha chupa?"

"Ni kikombe, Mama."

"Mbona chai imeisha kabla ulimi wangu haujapata habari?"

Nasike alicheka. "Daktari ndiye aliyesema vinywaji kidogo. Usinigombeze mimi, mgombeze yeye."

"Huyo hakukulia Kimilili. Angejua chai ni nini."

Mambo yalikuwa hivyo kila asubuhi katika nyumba ya Wekulo, mtaani Buruburu. Kukhu ni nyanya kwa Kibukusu. Watoto wa nyumba ndio walioanza kumwita hivyo. Majirani wakafuata, na sasa hata mama mboga wa pale kona alimwita Kukhu. Alikuwa mama yake Wekulo, na Nasike alikuwa mke wa Wekulo. Kukhu alikuja Nairobi kutoka kwao Kimilili wakati figo zake zilipochoka. Figo ndizo zinazosafisha damu. Zikichoka, uchafu unabaki mwilini, na maji pia yanabaki. Kwa hiyo kila Jumanne na kila Ijumaa Kukhu alipelekwa hospitali. Huko mashine ilifanya kazi ya figo. Daktari hakuzungusha maneno. Aliwaambia Wekulo na mkewe, "Mama akiacha kusafishwa damu, hamtakaa naye sana."

Mashine yenyewe haikumtisha Kukhu. Alikwisha kuizoea, hata wauguzi aliwajua kwa majina na kwa ukoo. Kilichomshinda ni njia ya kurudi nyumbani. Akitoka kwenye mashine alikuwa amelegea, kichwa kinamzunguka, tumbo linamchafuka.

Jumanne moja walipanda teksi kuukuu. Jamani, teksi hiyo! Ilinuka petroli mpaka kwenye viti. Foleni ya Jogoo Road ilikuwa haiendi. Teksi iliruka, ikasimama, ikaruka tena, ikasimama tena. Kukhu akatapika. Alilitapikia gauni lake la kitenge, akakitapikia na kiti cha watu. Dereva alifoka mpaka abiria wa magari mengine wakageuka kutazama. Nasike alikifuta kiti kwa leso yake, akaomba msamaha, akaomba tena. Kukhu alitokwa na machozi tu.

Walipofika nyumbani akasema, "Ijumaa siendi."

"Mama..."

"Nimezaa watoto saba. Nimezika mume. Sijawahi kufokewa na kijana mdogo kwa sababu ya matapishi. Niacheni nife na heshima yangu."

Nasike aliingia jikoni. Alifungua bomba la maji ili asisikike, kisha akalia.

Jioni Wekulo alirudi kutoka kiwandani. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sabuni. Nasike alimweleza yote. Wekulo alikaa kitini muda mrefu bila kuvua viatu.

"Basi," alisema mwishowe. "Tununue gari. Akiba ya ushirika ipo. Tulikuwa tunaiweka ya nini kama si ya siku kama hii?"

"Hata mimi nilikuwa nakuja kusema hivyo," Nasike akajibu.

Walikubaliana hapo tu. Walipofika kwenye swali la gari gani, kila mmoja akashika njia yake.

Wekulo alikuwa na lake moyoni tangu zamani. Lilikuwa kwenye yadi moja ya magari, kando ya njia anayopita akitoka kazini. Lilikuwa gari kubwa la petroli, lililoinuka juu, na bei yake ilikuwa nafuu kwa sababu lilikuwa limetumika sana. Kila jioni Wekulo alipunguza mwendo pale langoni na kulitazama, kama kijana anayepita makusudi nje ya nyumba ya msichana.

"Lile ndilo gari, Mama Marion," alisema. Marion alikuwa binti yao wa kwanza. "Matairi mapana. Likiwashwa, linasikika. Desemba tukiingia nalo Kimilili, hata tope litatupisha."

Sasa nikwambie ukweli ambao Wekulo hakuusema. Krismasi iliyopita alishuka kwenye basi kule nyumbani, mifuko mkononi, akaanza kutembea kwa miguu kwenye tope. Mdogo wake, Nyongesa, akatokea nyuma na gari refu linalong'aa. Nyongesa ni mtu mwema. Alisimama, akambeba. Wekulo, mzaliwa wa kwanza, aliingia bomani amekaa kiti cha nyuma, amebanwa na magunia ya vitunguu ya mdogo wake. Watu walikimbilia upande wa dereva. Tangu siku hiyo, Wekulo alitaka gari la Desemba.

Nasike naye alikuwa na hoja yake. Zamani, kabla hajafungua hoteli yake ndogo ya supu, aliendesha gari la kusambaza mikate. Alijua usukani vizuri. Na kanisani alikuwa amesikia kwamba Andati, mzee wa kanisa, anahamia Kisumu na anauza gari lake. Nalo lilikuwa gari kubwa lililoinuka, lakini lilikuwa haibridi ya kuchaji.

"Haibridi ni nini?" Wekulo aliuliza huku amekunja uso.

"Lina injini ya petroli kama magari mengine. Lakini pia lina mota ya stima na betri kubwa. Unalichomeka nyumbani kama simu. Betri ikiwa na chaji, linatembea kwa stima. Betri ikiisha, petroli inashika kazi. Andati anasema hajui hata mara ya mwisho aliyoingia kituo cha mafuta."

"Gari la plagi!" Wekulo alicheka. "Stima ikipotea je? Tutalisukuma mpaka hospitali?"

"Nimekwambia petroli imo."

"Gari ni petroli, Mama Marion. Hayo mengine ni simu kubwa yenye magurudumu."

Nasike hakubishana. Alhamisi alimwendea Andati, na Andati akamkabidhi ufunguo. "Kaa nalo mpaka Jumatatu," alisema. "Lijaribuni na familia. Mkilipenda, tutaongea."

Ijumaa asubuhi Nasike alipiga magoti kando ya kitanda cha Kukhu.

"Mama, nakuomba. Mara hii tu. Ukiona njia ni ile ile ya Jumanne, sitakulazimisha tena."

Nasike alijua amefunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Njia ikiwa mbaya, Kukhu hatarudi hospitali, na maneno ya daktari yatatimia.

Kukhu alimtazama sana. "Mara hii tu," alisema.

Walikwenda. Kukhu alisafishwa damu. Wakati wa kurudi, Nasike alimlaza kwenye kiti cha nyuma, akaweka ndoo ndogo karibu naye, akaondoka taratibu. Foleni ilikuwa ile ile. Lakini gari halikunguruma wala kuruka. Halikunuka kitu. Walipofika katikati ya foleni Nasike alitupa jicho kwenye kioo. Kukhu alikuwa amelala, mdomo wazi, hatikisiki.

"Mama!" Nasike alipiga kelele. "Mama! Mama!"

Kukhu akafumbua macho. "Unapiga kelele za nini? Nilikuwa nimelala."

"Nilidhani... Lo! Usinifanyie hivyo."

"Gari limezimika?"

"Linatembea, Mama."

"Mbona halingurumi?" Kukhu aliangalia nje. Akaangalia ndoo. Ilikuwa tupu. "Hili limenibeba kama mtu," alisema, akafumba macho tena.

Gari si dawa, na Kukhu alikuwa bado amelegea alipofika. Lakini hakutapika, na hakuna aliyemfokea. Nasike alifurahi hivi kwamba aliimba wimbo wa kanisani kuanzia langoni mpaka jikoni.

Sasa ngoja uone furaha ilivyomponza.

Nyumba yao ilikuwa moja ya nyumba zinazouzunguka uwanja mdogo. Wakazi wa Buruburu huuita korti, ingawa hakuna hakimu ndani yake. Kila korti ina mambo yake ya pamoja. Korti hii ilikuwa na hema, viti vya plastiki, sufuria mbili kubwa, na waya mrefu wa stima uliozungushwa kwenye gurudumu. Kukiwa na matanga, waya huo hutolewa kwa ajili ya taa na spika. Kukiwa na harusi, ni huo huo. Haukuwahi kuleta shida.

Jumamosi mchana, chaji ya gari ilikuwa imeisha. Gari lilikuwa limesimama uwanjani, mbele ya nyumba. Nasike akafikiri kidogo, kisha akaenda kuchukua waya wa korti. Aliuchomeka jikoni, kwenye soketi ya friji, kando ya plagi ya friji yenyewe. Akaupitisha dirishani. Gari lilikuwa karibu, kwa hiyo alivuta kipande kifupi tu, na waya mwingine akauacha umezungushwa kwenye gurudumu. Akaunganisha waya wa gari hapo. Taa ndogo ikawaka kuonyesha kwamba gari linachaji. Nasike alijipongeza na kwenda kuanua nguo.

Baada ya muda Kukhu aliita kutoka sebuleni. "Nasike! Umeunguza nini?"

"Sijaweka kitu jikoni, Mama."

"Basi kuna kitu kimejiweka chenyewe. Pua yangu bado nzima."

Nasike alikimbia. Soketi ilikuwa imekuwa nyeusi, na ukuta juu yake umeungua. Nje, gurudumu la waya lilikuwa linatoa moshi, na plastiki inayeyuka. Nasike alinyakua beseni la maji ya nguo.

"Maji hapana!" Sauti ilitoka upande wa jirani. "Weka chini! Weka chini hilo beseni! Zima swichi kubwa!"

Alikuwa Njoki. Njoki alikaa nyumba ya pili, na alifundisha ufundi wa magari katika chuo kimoja cha ufundi. Korti yote ilimwita Mwalimu. Aliruka kizingiti, akaingia mpaka kwenye kisanduku cha mita, akateremsha swichi kubwa. Nyumba nzima ikazimika. Moshi ukapungua, ukapungua, ukaisha. Nasike alikaa chini sakafuni.

"Pole," Njoki alisema huku anahema. "Pole sana. Lakini maji na stima! Ungemwaga hilo beseni, tungekuwa tunaongea mambo mengine sasa hivi."

"Mwalimu, nilitumia tu waya wa korti."

"Huo ni waya wa taa, Mama Marion. Taa zinakula kidogo. Gari linakula kwa saa nyingi bila kupumzika. Halafu umeuacha umezungushwa. Waya wa namna hiyo ukipitisha stima nyingi, joto linajifungia ndani mpaka plastiki iyeyuke. Tena soketi ni ya friji, na friji yenyewe iko hapo hapo. Andati hakukwambia?"

"Yeye ana soketi ya gari ndani ya gereji. Nafikiri hata hakuwaza."

Wakati huo Wekulo akatokea langoni, anatoka kazini. Alinusa. Aliuona ukuta. Akaona gurudumu lililoyeyuka. Uso wake ukabadilika.

"Mama yuko wapi?"

"Nipo," Kukhu akajibu kutoka sebuleni. "Sijachomeka."

Wekulo hakucheka. "Umeona sasa?" alimwambia mkewe. "Umeona? Ningekuta majivu. Jumatatu plagi hiyo inarudi kwa mwenyewe, na mimi naenda yadi. Nimemaliza."

Nasike alitazama mikono yake tu. Ndipo Kukhu aliposema taratibu, "Msigombane kwa ajili yangu. Nilishawaambia mniache. Mimi teksi sipandi, na la kunguruma silitaki. Basi yameisha."

Nasike aliinua uso. Akamtazama Njoki, na Njoki akaona macho yale.

"Baba Marion, kaa kwanza," Njoki alisema. "Kosa halikuwa la gari. Lilikuwa la waya. Na mimi siuzi gari lolote, kwa hiyo nisikilize bila wasiwasi. Mnaweza kuchagua la petroli na likawa sawa. Mnaweza kuchagua la plagi na likawa sawa. Inategemea maisha yenu."

Wekulo alikaa, lakini ukingoni mwa kiti, kama mtu atakayeondoka sasa hivi.

"Gari lenu litakuwa linaenda wapi?" Njoki aliuliza.

"Popote."

"Popote si jibu. Jumatatu linaenda wapi?"

Nasike ndiye aliyejibu. "Kiamaiko, kuchukua nyama na vichwa vya mbuzi vya supu. Sasa naenda kwa bodaboda. Halafu hotelini."

"Jumanne?"

"Kiamaiko, halafu hospitali na Mama."

"Jumapili?"

"Kanisani."

"Zote ni safari fupi," Njoki alisema. "Tena za foleni. Foleni ndiyo inayomaliza petroli, kwa sababu injini inaunguza mafuta huku mmesimama. Gari la plagi likiwa na chaji, mkisimama limetulia. Halingurumi, halitoi moshi. Betri yake haiendi mbali, lakini nanyi hamwendi mbali."

"Na Kimilili je?" Wekulo akadakia. "Huko si mbali?"

"Kimilili mnaenda lini?"

"Desemba."

"Na mwezi mwingine?"

Wekulo alikuna kidevu. "Kama kuna matanga."

Njoki aliongea kwa upole. "Baba Marion, unisamehe. Wewe unanunua gari la Desemba, na mama yako anaumwa kila wiki."

Wekulo aliinamisha kichwa. Masikio yalimwasha kwa aibu. Nasike alitaka kumshika mkono, lakini akajizuia. Aliogopa ataonekana anashangilia.

"Mwalimu," Wekulo alisema baadaye, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "mimi si mjinga. La petroli, kila fundi wa Eastlands analijua. Likiharibika njiani, Makutano au Webuye, nitapata mtu. Hilo lingine nani ataligusa?"

"Hapo umesema kweli kabisa, na sitakuficha. Mafundi wake ni wachache. Ndani yake kuna nyaya nene za rangi ya machungwa. Hizo zina stima kali, na fundi wa kando ya barabara asiziguse hata kwa bahati mbaya. Betri ikifa kabisa, kuibadilisha ni mzigo mkubwa. Ndiyo maana huwezi kununua la mitumba bila kuipima betri. Lakini barabarani halitakukwamisha kwa sababu ya chaji. Chaji ikiisha, linakwenda kwa petroli. Kimilili litafika."

"Kwa hiyo unasema tuchukue hilo."

"Bado sijasema. Kuna swali moja, na ndilo linalowashinda wengi. Litalala wapi? Kama mngekuwa ghorofa ya nne kule Umoja, mita ni ya mwenye nyumba na gari mnaliacha barabarani soja alilinde, ningekwambia nenda yadi leo hii, chukua la petroli, usigeuke nyuma. Gari la plagi lisilochomekwa ni gari la petroli lililobeba betri nzito bure. Mtakuwa mmelipia kitu msichokitumia."

"Sisi tuna mita yetu," Nasike alisema. "Litalala hapo uwanjani."

"Uwanja ni wa watu wote, Mama Marion. Watoto wanacheza hapo, na mvua inanyesha hapo. Waya hauwezi kuvuka uwanja kila jioni. Gari la plagi lazima lilale ndani ya lango lenu, na lipate soketi yake lenyewe."

Wote wakageuka kutazama dirishani, na wote wakaona kitu kile kile.

Ndani ya lango, pale ambapo mwenye nyumba wa zamani aliweka gari lake, kulikuwa na chumba ambacho hakijakwisha. Wekulo alikuwa anakijenga mwenyewe. Alitaka kumpangisha kinyozi siku atakapoacha kazi ya kiwanda. Akipata mawe, alipandisha mstari mmoja. Akipata saruji, alipandisha mwingine. Kilikuwa kimefika juu ya mlango. Jumapili alipenda kusimama ndani yake, mikono kiunoni, akitazama mbingu mahali ambapo paa lingekuwa.

Nasike hakuthubutu kukitaja. Angeomba chochote kwa mumewe, lakini si hicho.

Wekulo aliinuka, akatoka nje.

"Nimemuudhi," Njoki alinong'ona.

"Si wewe," Nasike alisema. "Hicho chumba ni roho yake."

Kisha wakasikia ko! Kimya kidogo. Kisha ko! ko! ko!

Nasike alikimbia nje. Wekulo alikuwa amevua shati, ameshika nyundo kubwa, na jiwe la kwanza lilikuwa chini.

"Baba Marion! Unafanya nini?"

"Gari la mama halitalala nje," alisema, akapiga tena.

Kukhu alikuwa amejikokota mpaka mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili. "Wekulo! Hicho chumba umekihangaikia miaka mingapi?"

"Chumba nitajenga kingine, Mama." Aliisimamisha nyundo na kujifuta uso. Haikujulikana kama ni jasho tu. "Mama mwingine nitampata wapi?"

Nasike alifunga leso kiunoni, akaanza kubeba mawe. Njoki akabeba pia. Majirani wawili walitoka kuuliza kulikoni, na hawakurudi ndani mpaka mawe yote yalipopangwa kando ya ukuta.

Lakini hawakukimbilia kulipa, maana Njoki hakuwaruhusu. Jumatatu alikuja na chombo kidogo, akakiunganisha chini ya usukani wa gari la Andati. Andati mwenyewe alikuwepo. Chombo kilisoma hali ya betri.

"Imezeeka kidogo," Njoki alisema. "Haiendi tena umbali ule wa wakati ilipokuwa mpya. Lakini inatosha Kiamaiko, hospitali na kurudi, na inabaki. Ingekuwa mbaya, ningewaambia mumrudishie Mzee Andati ufunguo wake na mbaki marafiki."

Kisha akawasha injini ya petroli, akalizungusha gari mtaani. "Mzee Andati, hii injini huiwashi."

Andati alicheka kwa aibu. "Nilijua stima inatosha."

"Injini isiyowashwa inashika kutu, na petroli iliyokaa sana inaharibika," Njoki aliwaambia Wekulo na Nasike. "Mara moja moja lipelekeni kwa petroli, hata kama chaji ipo."

Baada ya hapo akaja Mativo, fundi wa stima mwenye leseni. Kabla ya kushika kitu alikagua nyaya za nyumba nzima kuona kama zinaweza kubeba mzigo mpya. Alibadilisha soketi iliyoungua. Kisha akavuta waya mnene wa gari peke yake kutoka kwenye mita, akaupitisha ndani ya bomba mpaka pale chumba kilipokuwa. Aliuwekea swichi inayojizima yenyewe mzigo ukizidi. Aliweka waya wa kupeleka stima ardhini ikitokea hitilafu. Juu akaweka soketi nzito yenye kifuniko cha kuzuia mvua.

"Hii ni ya gari," alimwambia Nasike. "Si ya friji, si ya pasi, si ya spika za matanga. Na gari likichomekwa hapa, waya wa kuungia usiwepo katikati."

"Nimesikia," Nasike alisema. "Sirudii tena, hata kwa fimbo."

Na waya wa korti? Nasike alinunua mwingine. Alipoukabidhi kwenye mkutano wa korti, alisimama mbele ya watu wote na kueleza alichokifanya, ingawa aibu ilimwasha uso. Akawaomba kwamba siku ya shughuli wauvute wote mpaka mwisho, usibaki umezungushwa. Sasa wanafanya hivyo.

Basi wakamlipa Andati, na maisha yakaingia kwenye mstari wake. Jioni Nasike akirudi hotelini, analiingiza gari ndani ya lango na kulichomeka. Tokeni za stima zinaisha haraka kuliko zamani, na Wekulo hanyamazi. Kila akinunua tokeni anamuuliza mkewe kama gari linakula ugali pia. Lakini kituo cha mafuta wamekaribia kukisahau, na bodaboda ya nyama haipo tena. La yadi lilinunuliwa na mtu mwingine. Wekulo aliliona barabarani, akalipigia honi kwa adabu.

Bado kulikuwa na jambo moja ambalo Nasike hakulijua: kama Kukhu ataendelea kwenda. Kukhu alikuwa amekubali "mara hii tu." Jumanne iliyofuata alikubali kwa sababu mwanawe alikuwa ametoka kubomoa chumba, na angewezaje kukataa bila kuona haya? Ijumaa alikwenda bila neno. Lakini mtu anaweza kwenda kwa kuwaonea wengine huruma, na siku moja huruma ikaisha. Kila siku ya hospitali Nasike aliamka na hofu hiyo. Kila mara alipanga maneno ya kumbembeleza kabla ya kugusa mlango wa chumba chake.

Jumanne moja asubuhi aligusa mlango, akaingia na maneno yake tayari. Kitanda kilikuwa kitupu. Blanketi lilikuwa limekunjwa.

Alichungulia chooni. Hayupo. Sebuleni hayupo. "Wekulo!" aliita. "Wekulo, Mama hayupo!"

Wekulo alitoka chumbani na mswaki mdomoni. Wakakimbilia nje pamoja.

Kukhu alikuwa ndani ya gari. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, amevaa gauni lake la kitenge lililopigwa pasi, na kitambaa chake cheupe cha kanisani kichwani. Mkanda alikuwa ameufunga vibaya, umepita chini ya kwapa. Mkoba ulikuwa mapajani. Aliwatazama kupitia kioo kama mtu aliyengojeshwa.

Nasike alifungua mlango. "Mama, umenitisha! Ni mapema bado."

"Mapema kwako," Kukhu alisema. "Mimi nataka kuishi. Chomoeni huo waya, twende."